Mwandiko wa Kijuma na Darasa la Uyole

Kwa mwanafunzi wa sekondari wa Uyole, Mbeya, utenzi ni ukurasa wa kitabu: vipande vinne vimepangwa juu chini, kwa herufi za mashine zinazofanana zote. Vina anavijua, mizani anaihesabu. Mwandiko wa mshairi hajawahi kuuona, na hapo amepunjwa.

Wachina, ambao Mbeya inawakumbuka kwa reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hawatenganishi shairi na mkono ulioliandika. Mjini Beijing, katika makumbusho ya jumba la wafalme, yamehifadhiwa mawe kumi yenye umbo la ngoma. Yalichongwa mashairi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwa mwandiko wa kale ambao jamii yake hadi leo huchongwa kwenye mihuri. Mafundi wa baadaye waliuandika kwa brashi: husimamishwa wima, ncha ikafichwa ndani ya wino, na unene wa mstari hautakiwi kubadilika. Wachina wengi wa leo hawawezi kuusoma bila kufundishwa. Bado wanautundika ukutani.

Lamu nayo ilikuwa na fundi wake. Muhamadi Kijuma, aliyefariki katika miaka ya 1940, alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga mbao na mwandishi hodari wa hati za Kiarabu. Ndiye mwenye Utenzi wa Fumo Liyongo wa 1913. Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, wataalamu kutoka Ulaya, walimtegemea awanakilie tenzi za zamani.

Katika miswada ya aina hiyo, ubeti mzima hukaa kwenye mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto, vipande vyake vikitengwa kwa alama ndogo za mapambo. Kipande cha nne hubeba kina cha bahari, ambacho hakibadiliki utenzi mzima. Basi kina hicho huteremka ukingoni mwa kushoto kama nguzo, herufi ileile chini ya mwenziwe, na jicho huiona bahari kabla mdomo haujaisoma. Kitabuni, kina hichohicho kimezama katikati ya mistari mingine. Herufi za Kirumi zimewafungulia wengi mlango wa kusoma, hilo halina ubishi, lakini uzuri huu ziliuacha nje.

Sehemu kubwa ya kazi ya Kijuma iko Chuo cha SOAS, London, na nyingine Ujerumani. SOAS imeweka picha za miswada yake ya Kiswahili kwenye intaneti. Mwalimu wa Uyole mwenye simu anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake picha hizo katika kipindi cha ushairi, kabla hawajaanza kuhesabu mizani.