Kazi ya Kuongoza Maktaba ya Sanaa Chuoni

Talbot Hamlin alipokabidhiwa maktaba ya Avery ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1934, hakukuta upungufu wa vitabu. Rafu zilikuwa zimejaa. Shida ilikuwa majarida. Jengo jipya, kabla halijaingia kwenye kitabu chochote, huonekana kwanza katika jarida: picha mbili tatu, ramani ya ghorofa, maelezo ya nusu ukurasa. Baada ya miaka 20 jengo lenyewe huenda limebomolewa, na kurasa zile ndizo zimebaki kuwa kumbukumbu yake pekee. Katalogi ya maktaba ilimweleza msomaji kwamba jarida lipo. Haikumweleza kwamba ndani ya toleo fulani, ukurasa fulani, kuna mchoro wa hospitali anayoitafuta.

Hamlin alikuwa mbunifu wa majengo na mwanahistoria, kwa hiyo adha hiyo aliijua kwa uzoefu. Mwaka huohuo alianzisha faharasa ya makala za majarida ya usanifu. Kila makala ilisomwa na kuandikiwa kadi: jina la mbunifu, jina la jengo, mji lilipo, aina yake, jarida, tarehe na ukurasa. Ni kazi ya mkono na ya subira, isiyompa mtu sifa yoyote kwa wakati ule. Toleo la pili la faharasa hiyo lililochapishwa kama kitabu, mwaka 1973, lilikuwa na juzuu 15. Leo faharasa ya Avery imo kwenye kompyuta, ina rekodi zaidi ya 600,000, na hakuna mtafiti makini wa historia ya majengo anayeweza kuipita.

Hamlin aliendelea kuandika vitabu vyake, na mwaka 1956 wasifu wake wa mbunifu Benjamin Latrobe ulipata tuzo ya Pulitzer. Hata hivyo, wanaoitumia faharasa yake huenda ni wengi kuliko waliowahi kukishika kitabu hicho. Hapo ndipo penye uzito wa kazi ya kuongoza maktaba ya sanaa katika chuo kikuu. Kununua vitabu vya gharama huwezekana fedha zikipatikana. Kuhakikisha kwamba picha moja iliyofichika katikati ya mamilioni ya kurasa inaweza kupatikana na mtu asiyejua ipo wapi, hiyo inahitaji mkuu mwenye maono na ukaidi kidogo.

Maktaba yenyewe ilizaliwa na msiba. Henry Ogden Avery, mbunifu kijana wa New York, alifariki mwaka 1890 akiwa na umri wa miaka 38. Wazazi wake, Samuel na Mary Avery, walikipa chuo vitabu na michoro yake pamoja na fedha za kununua vingine, ili jina la mtoto wao lisipotee. Vitabu vya Avery haviazimwi kwenda nyumbani. Msomaji huvifuata hapohapo. Utaratibu huo huwakera baadhi ya wanafunzi, lakini ndio uliofanya kitabu cha Leon Battista Alberti kuhusu usanifu, kilichochapwa mwaka 1485, kiwe bado kinafunguliwa na kusomwa.

Kati ya waliokalia kiti cha mkuu wa Avery, Adolf Placzek anastahili kutajwa kwa heshima ya pekee. Alizaliwa Vienna mwaka 1913, akaikimbia Austria baada ya Wanazi kuitwaa, na kufika New York mwaka 1940. Aliingia Avery mwaka 1948 kama mfanyakazi wa ngazi ya chini, akaiongoza kuanzia 1960 hadi 1980. Mwaka 1977, chini ya uongozi wake, maktaba ilipata upanuzi uliochimbwa chini ya ardhi, maana juu hapakuwa na nafasi tena. Miaka miwili baada ya kustaafu, kamusi elezo ya wabunifu wa majengo aliyoihariri ilitoka katika juzuu nne. Mtu aliyefika bila nchi aliwapa wabunifu wa dunia nzima mahali pa kuandikwa majina yao.

Sifa ya maktaba ndiyo huvuta hazina nyingine. Mwaka 2012 Avery na jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, walipokea kwa ubia nyaraka za mbunifu Frank Lloyd Wright: michoro ipatayo 23,000, picha 44,000, pamoja na barua na hati nyingine. Mifano ya majengo ilikwenda MoMA; karatasi zikakabidhiwa Avery. Katika makubaliano ya namna hiyo mkuu wa maktaba huwa mwanasheria, mhasibu na mwanadiplomasia kwa wakati mmoja. Anapaswa kujua nani atalipia kiyoyozi, nani ana haki ya kutoa nakala, na mchoro upi haustahimili mwanga. Ndiyo maana wengi wanaoshika nafasi hizi wamesomea mambo mawili, ukutubi na historia ya sanaa.

Lakini uamuzi mgumu zaidi mara nyingi huhusu vitu vidogo. Mwaka 1963 msanii wa Marekani Ed Ruscha alichapa nakala 400 za kijitabu chenye picha 26 za vituo vya mafuta, picha za kawaida kabisa. Alituma nakala kwa Maktaba ya Bunge la Marekani, ikakataliwa. Ruscha alichukua kukataliwa huko akakugeuza tangazo na kulichapisha katika jarida la sanaa. Kijitabu kile kiliuzwa dola chache. Leo nakala ya toleo la kwanza huuzwa kwa maelfu ya dola, na vyuo vinavyofundisha sanaa ya karne ya 20 vinakihesabu miongoni mwa vitabu vilivyofungua njia kwa wasanii wanaotumia kitabu kama kazi ya sanaa. Mkutubi aliyekikataa hakuwa mjinga. Alifuata vigezo vya vitabu vya kawaida, na kitu kilichokuwa mbele yake hakikuwa kitabu cha kawaida. Mkuu wa maktaba ya sanaa hukutana na mtihani huo mara kwa mara: kipeperushi cha maonyesho, kijitabu kilichoshonwa kwa mkono, bango lililobanduliwa ukutani. Vingi havina namba ya ISBN wala mchapishaji, na baada ya wiki mbili havipatikani tena.

Kisha kuna karatasi yenyewe. Vitabu vya sanaa huchapwa kwenye karatasi inayong'aa, iliyopakwa tabaka jembamba la udongo mweupe ili rangi zikae sawasawa. Uzuri huo una hatari yake. Bomba likipasuka usiku na karatasi hiyo ikalowa, tabaka lile hulainika. Ikiachwa ikauke yenyewe, kurasa hugandana na kuwa bonge moja, na ukijaribu kuzitenganisha picha hubanduka. Hakuna fundi atakayezirudisha. Kinachosaidia ni kuwahi kuvigandisha vitabu kwenye friji kubwa vikiwa bado na maji, halafu vikaushwe katika mashine maalumu inayoondoa barafu bila kuipitisha kwenye hali ya maji. Kwa hiyo mkuu makini hujua mapema ni kampuni gani ina chumba cha baridi, na nani ataitikia simu saa nane usiku.

Moto hausubiri hata hayo. Tarehe 23 Mei 2014 moto uliteketeza maktaba ya chuo cha sanaa cha Glasgow, Uskoti, iliyosanifiwa na Charles Rennie Mackintosh na kukamilika mwaka 1909. Ulianzia kwenye kazi ya mwanafunzi: gesi ya povu la kujazia nafasi ilishika moto kutokana na joto la projekta. Jengo lilikuwa likifanyiwa ukarabati moto mwingine ulipolikumba Juni 2018.

Maktaba hizi hazikutunza vitabu tu. Kwa vizazi kadhaa, walimu wa historia ya sanaa walifundisha kwa slaidi, vipande vidogo vya filamu ndani ya fremu, vilivyomulikwa ukutani na projekta. Maktaba kubwa zilikuwa na mamia ya maelfu ya slaidi katika makabati ya droo nyembamba, kila moja na lebo yake, na nyuma ya droo hizo walikuwapo watu walioijua kila picha. Rangi za slaidi nyingi za zamani zimefifia, zimebaki wekundu mtupu. Mwaka 2004 kampuni ya Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi, na wakuu wa maktaba wakalazimika kuamua haraka: zipi ziingizwe kwenye skana, zipi zitupwe, na wafanyakazi wale wapewe kazi gani. Slaidi aliyoipiga profesa mwenyewe mwaka 1960, ikionyesha msikiti au hekalu kabla ya ukarabati, haina mbadala. Slaidi iliyonakiliwa kutoka kitabuni inayo. Kuzitenganisha kunahitaji jicho la mtu, moja baada ya nyingine, na ni huzuni kwamba vyuo vingine vilizibeba zote kwa pamoja hadi kwenye jalala.

Leo vita kubwa ni ya nafasi. Katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, ghorofa moja ya maktaba ya sanaa iligeuzwa karakana mwaka 2016, ikawekwa mashine za kuchapa vitu vya pande tatu na studio ya kurekodia, huku vitabu vingi vikihamishiwa kwenye maghala ya nje. Karakana ilipendwa. Ulipozuka mpango wa kuigusa hata ghorofa ya tano yenye vitabu, wanafunzi na walimu waliandamana kwa hoja na saini, na mwaka 2018 vitabu vikaachwa mahali pake. Hoja yao kuu ilikuwa ya kitaalamu. Mchoraji huja kutafuta kitabu kimoja, akaona cha jirani yake rafuni, akakifungua, na hicho ndicho kikabadilisha kazi yake. Vitabu vikiwa ghalani lazima uviagize kwa jina, na huwezi kuagiza usichokijua. Msomaji yeyote aliyewahi kupotelea mbele ya rafu ataikubali hoja hiyo bila kushawishiwa.

Kompyuta, ikitumiwa vizuri, imefungua mlango mwingine. Chuo cha MIT, kwa ushirikiano na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, kina hifadhi ya Archnet, iliyofunguliwa mwaka 2002 kwa ajili ya usanifu wa ulimwengu wa Kiislamu. Haitozi ada. Mwanafunzi wa Unguja anaweza kuifungua kwa simu na kutazama majengo ya Mji Mkongwe, likiwamo jengo la zahanati ya zamani lililokarabatiwa na taasisi hiyohiyo.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake ya sanaa inayostahili kutunzwa, na ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, na shule iliyotokana na juhudi zake ikapewa jina lake. Hapo alisoma na kufundisha Sam Ntiro wa Tanganyika, aliyekuja kuwa Balozi wa nchi yake mjini London baada ya uhuru. Mchoro wake mmoja wa mwaka 1956 umo katika mkusanyiko wa MoMA. Hapo pia alisoma Elimo Njau, aliyeshiriki kuanzisha kituo cha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965. Anayetaka kuandika kuhusu kizazi hicho hawezi kutegemea vitabu peke yake. Anahitaji vijitabu vya maonyesho, kadi za mwaliko, orodha za bei, picha za ufunguzi na vipande vya magazeti, yaani vitu vilevile ambavyo wakuu wa maktaba wenye busara huvikusanya kabla havijawa na thamani sokoni.

Vitu hivyo viko wapi? Vingi vipo katika masanduku ya nyumbani, kwa wasanii wenyewe, wajane na watoto wao, na kwa walimu wastaafu. Mchwa na unyevu havina simile. Mwenye sanduku la namna hiyo asilichome na asiligawe vipandevipande. Aandike nyuma ya kila picha, kwa penseli na si kwa kalamu ya wino, jina la msanii, mahali na mwaka, kisha aende kwa mkutubi wa chuo kilicho karibu naye amwulize kama watapokea. Na mkutubi atakayeulizwa, tafadhali asijibu kwa haraka kwamba karatasi hizo si vitabu.