Android simu nyingi, iPhone pesa nyingi: hesabu imekaaje?

Wadau, kuna swali naulizwa mara kwa mara na vijana wanaosomea kompyuta: nianze kutengeneza programu ya Android au ya iPhone? Wengi wanakuwa wameshajijibu: "Android, si ndiyo yenye watu!" Hebu tupige hesabu kwanza, maana hapa kijana anaweza kupoteza jasho la mwaka mzima.

Ni kweli, duniani takriban simu 7 katika kila 10 za kisasa ni Android, na zilizobaki karibu zote ni iPhone. Sasa tazama fedha. Kwa makadirio ya kampuni ya Sensor Tower, mwaka 2021 watu walitumia dola bilioni 85.1 katika duka la programu la Apple, na bilioni 47.9 katika lile la Google. Yaani mwenye simu chache ndiye aliyekusanya nyingi!

Kwa nini? Kwanza, iPhone ni ghali, na wateja wake wengi wako Marekani, Japani na Ulaya, kadi ya benki imeshaunganishwa na simu. Android ndiyo imejaa simu za bei nafuu, na huku kwetu mtu akiona tu neno "lipia" anaifuta programu.

Pili, China. Duka la Google halifanyi kazi kule, kwa hiyo Wachina wenye Android hutumia maduka ya akina Huawei na Xiaomi. Fedha zao hazimo kwenye zile bilioni 47.9.

Tatu, programu nyingi za Android ni za bure na zinaishi kwa matangazo. Hayo nayo hayamo kwenye hesabu ile, ila tangazo likitazamwa Tanzania hulipa kidogo kuliko likitazamwa Marekani.

Basi wote tukimbilie iPhone? Hapana jamani. Inategemea unauza nini. Kama ni gemu au huduma ya kulipia kila mwezi ndani ya simu, malipo yanapita dukani, na duka linakata chake: ilikuwa asilimia 30, mpaka mwaka 2021 Apple na Google waliposhusha hadi 15 kwa wadogo. Hapo mfuate mwenye kadi.

Lakini kama unauza chakula, usafiri au bidhaa za kushikika, maduka hayo hayadai kamisheni. Mteja wako wa Dar au Nairobi analipa kwa M-Pesa, na simu yake ni Android. Hapo wingi ndiyo mtaji. Isitoshe, Google hutoza dola 25 mara moja tu kujiandikisha, Apple dola 99 kila mwaka.

Kwa hiyo kijana, kabla hujaandika mstari wa kwanza, jiulize: nani atalipa, na atalipa kwa njia gani?

Mlioshawahi kuuza programu, tupeni uzoefu: fedha ilitoka upande upi? Karibuni tujadili.