Je, Wajua? Jina la Walokole

Je, wajua kwamba neno "mlokole", linalosikika Singida yote kuanzia Manyoni hadi Kiomboi, si la Kinyaturu wala Kinyiramba? Ni la Kiganda. Omulokole ni mtu aliyeokoka. Wakiwa wengi ni abalokole. Kiswahili kililipokea, kikalivika m- na wa- zake.

Je, wajua kwamba wenyewe hawakulichagua? Walibandikwa na Wakristo wenzao, kwa kejeli: ati ninyi ndio mmeokoka, sisi je? Wao kwa wao waliitana ab'oluganda, yaani ndugu. Kwangu mimi jina hilo la pili ndilo linaloeleza vizuri zaidi uamsho wao wa kiroho. Mtu aliungama mbele ya jirani aliyemwibia, akarudisha alichochukua. Mmisionari Mzungu naye aliungama mbele ya Waafrika, na hayo yalitendeka katikati ya ukoloni. Kuitana ndugu wakati ule hakukuwa jambo dogo.

Je, wajua mbegu ya uamsho huo ilipandwa wapi? Namirembe, Kampala, Septemba 1929. Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na daktari Mwingereza Joe Church. Wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Church akarejea hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, na miaka ya 1930 moto ukawaka huko. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, aliyetumika Gahini, alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana. Wito wake ulikuwa neno moja: Zukuka! Amka!

Lakini si wote walioufurahia moto huo: mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 wa uamsho huo, William Nagenda akiwa miongoni mwao.

Je, wajua mlokole mashuhuri aliishi jirani kabisa na Singida? Festo Kivengere, baadaye askofu wa Kigezi, alikuwa mwalimu Dodoma miaka ya 1940 na 1950.

Na Walutheri wa Singida? Misheni yao nayo ilikuwa na jina lenye safari ndefu. Misheni ya Augustana, ya Wamarekani wenye asili ya Sweden, ilianza kazi Iramba mwaka 1926. Augustana ni jina la Kilatini la Ungamo la Augsburg, la mwaka 1530. Leo waumini hao wako KKKT Dayosisi ya Kati, yenye makao Singida mjini.

Siku hizi asiyegusa pombe huitwa mlokole, na wengi hudhani lazima awe Mpentekoste. Sivyo ilivyokuwa. Walokole wa kwanza walikuwa Waanglikana, kisha Walutheri, na wengi wao walikataa kuhama hata walipopigwa vita ndani ya makanisa yao. Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuwa mtu wa uamsho huo, alibaki Mlutheri. Mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.