Mwanaume na Kiatu cha Mchuchumio: Tumtazameje?



Ndugu wasomaji, swali la leo linahusu miguu, lakini jibu lake linagusa moyo. Mwanaume akipita sokoni Kidatu, au akiingia kanisani Dominika, akiwa amevaa viatu vya kisigino kirefu, vile tunavyoviita mchuchumio, je, anatenda dhambi? Na sisi tunaomwona tufanye nini? Wengi wana jibu kabla swali halijaisha. Mmoja atasema ni laana, mwingine atacheka, wa tatu atainama kuokota jiwe. Kwa ajili ya huyo wa tatu tumeona vema kulifafanua jambo hili taratibu, kwa mwanga wa historia na wa mafundisho ya Kanisa.

Kisigino kilianzia wapi?

Wengi wetu tunadhani kisigino kirefu ni kitu cha wanawake tangu mwanzo. Sivyo. Wapanda farasi wa Uajemi, nchi tunayoiita leo Irani, walivaa viatu vyenye kisigino kwa kazi. Askari anayepiga upinde akiwa juu ya farasi hulazimika kusimama kwenye vikanyagio. Kisigino hushika kikanyagio, mguu usiteleze. Kilikuwa kifaa cha vita, kama ngao.

Mwaka 1599 Shah Abbas wa Kwanza alituma ujumbe Ulaya kutafuta washirika dhidi ya Waturuki. Katika miaka hiyo wakubwa wa Ulaya walivutiwa na mambo ya Uajemi, na wanaume wao wakaanza kuvaa viatu vya kisigino ili waonekane mashujaa. Wanawake waliiga baadaye kutoka kwa wanaume. Katika picha maarufu aliyoichora Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, Mfalme Louis XIV wa Ufaransa amesimama akiwa na visigino vyekundu, na hakuna aliyesema mfalme amevaa kama mwanamke. Rangi ile nyekundu ilikuwa alama ya watu wa ikulu yake. Ni katika karne ya 18 tu ndipo wanaume wa Ulaya walipoviacha visigino virefu, navyo vikabaki kuhesabiwa kuwa vya wanawake. Kampuni ya Bata tunaijua sote kwa viatu vya shule, lakini jina hilo liko pia kwenye makumbusho ya viatu mjini Toronto, Kanada. Mwaka 2015 makumbusho hayo yalifungua maonyesho yaliyohusu historia hiyo ya wanaume na visigino.

Raizoni za baba zetu

Hatuna haja ya kwenda Ufaransa kutafuta mfano. Tuwaulize wazee wetu. Miaka ya 1970, wakati reli ya TAZARA inajengwa na bwawa la umeme la Kidatu linachimbwa kwenye Ruaha Mkuu, kijana wa mjini Tanzania aliyetaka kupendeza alivaa suruali ya pekosi au bugaluu, pana chini, na kiatu cha raizoni. Raizoni ilikuwa na soli nene na kisigino kirefu, na mvaaji wake aliongezeka kimo. Wanamuziki walipanda nazo jukwaani, na vijana walipigia nazo picha studio. Ukifungua albamu ya familia ya miaka ile, hutashangaa kumkuta babu wa leo, mzee wa jumuiya ndogo ndogo, amesimama juu ya raizoni mkono kiunoni. Alikuwa mwanaume wakati ule, na ni mwanaume leo.

Lakini historia ya nchi yetu ina ukurasa mwingine unaopaswa kutuonya. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku vimini, wigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana, utekelezaji uanze tarehe 1 Januari 1969. Lengo lilitajwa kuwa ni kulinda utamaduni wa taifa. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake Kariakoo, Dar es Salaam, kwa sababu ya nguo walizovaa. Waliokuwa wakivamia waliamini wanatetea maadili. Tuliweke hilo akilini tunapoendelea.

Vazi hupata maana kutokana na desturi

Tutembee kidogo bondeni Kilombero. Mfugaji wa Kimasai anashuka kwenye basi. Amevaa shuka, shanga shingoni, hereni masikioni, na akiwa morani huenda amesuka nywele. Hakuna anayesema amevaa kike, maana sote tunajua kwamba kwao huo ndio uanaume. Kijana wa Kindamba au wa Kipogoro akivaa vilevile, kijiji kizima kitauliza kulikoni.

Tuwakumbuke pia mapadre Wakapuchini kutoka Uswisi, ambao tangu miaka ya 1920 walihubiri Injili katika nchi hii ya Ulanga na Kilombero. Walivaa kanzu ndefu ya kahawia, kamba kiunoni. Kwao Ulaya, mwanaume wa kawaida mwenye kuvaa vazi refu namna ile angechekwa njiani. Na sisi leo, padre anapovaa alba yenye darizi pindoni, hatuoni gauni bali tunaona Misa.

Basi kitambaa na soli havina jinsia vyenyewe. Desturi ya watu wa mahali na ya wakati ndiyo inayovipa maana. Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba kwa hiyo vazi si kitu. Desturi ni lugha, na anayevaa anasema jambo kwa wenzake, atake asitake. Mwenye busara hujali anachosema.

Maandiko na Kanisa

Anayemlaumu mwanaume mwenye mchuchumio hutaja kwanza Kumbukumbu la Torati 22:5, aya inayokataza mwanaume kuvaa mavazi ya mwanamke na mwanamke kuvaa ya mwanaume. Aya hiyo ni Neno la Mungu, na hatuwezi kuipuuza. Lakini sura hiyohiyo, aya ya 11, inakataza pia kuvaa nguo iliyofumwa kwa sufu na kitani pamoja. Hivyo Kanisa husoma sheria hizi kwa kutafuta kusudi lake.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alilishughulikia swali hili katika *Summa Theologiae*, sehemu ya pili ya pili, swali la 169. Anafundisha kwamba vazi la nje linapaswa kuendana na hali ya mtu kwa kufuata desturi ya wote, na kwamba kuvaa mavazi ya jinsia nyingine ni kosa, hasa kwa sababu huweza kuchochea tamaa. Anaongeza kwamba Torati ilikataza jambo hilo kwa kuwa wapagani walilitumia katika ibada za sanamu. Kisha anasema linaweza kufanyika bila dhambi panapokuwa na haja, kama vile kujificha kwa adui au kukosa nguo nyingine. Tuone uzito wa maneno hayo. Mwalimu huyu mkuu hakulegeza kamba, lakini pia hakuhukumu kabla ya kuuliza sababu.

Kanisa lilijifunza hilo kwa uchungu. Mtakatifu Joan wa Arc alivaa mavazi ya kiume vitani na gerezani, na mahakama iliyompeleka kwenye moto mwaka 1431 iliyahesabu mavazi hayo miongoni mwa makosa yake. Mwaka 1456 hukumu ile ilibatilishwa, na mwaka 1920 alitangazwa mtakatifu. Waliotazama nguo tu walimkosa mtu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2524, inakiri kwamba namna za staha hutofautiana kutoka utamaduni mmoja hadi mwingine, ingawa staha yenyewe inabaki, kwa sababu ni utambuzi wa hadhi ya mtu.

Kwa mwenye kuvaa

Kutokana na hayo, mwanaume anayevaa kisigino kirefu ajiulize maswali machache mbele ya Mungu. Kwa nini ninavaa? Yuko ambaye mguu wake mmoja ni mfupi baada ya kuvunjika au kuugua polio, na kiatu kilichoinuliwa ndicho kinachomwezesha kutembea bila kuumia nyonga. Yuko msanii ambaye ni kazi yake. Yuko ambaye ni mfupi na amechoka kudharauliwa. Yuko anayeona tu kwamba kiatu ni kizuri. Na yuko anayetaka kudanganya watu, kuchochea tamaa au kudhihaki ibada. Sababu hizi hazilingani, na dhamiri ya kila mmoja inajua yake.

Ajiulize pia kuhusu upendo. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba uhuru wetu usigeuke kikwazo kwa walio dhaifu (1 Kor 8:9). Na auhurumie mwili, ambao ni hekalu la Roho Mtakatifu: kisigino kirefu husukuma uzito mwingi kuelekea vidoleni, huchosha magoti na mgongo, na wakati wa masika, kwenye tope letu, kinaweza kumwangusha mtu vibaya. Shauri hilo la mwisho linawahusu dada zetu vilevile.

Kwa sisi tunaotazama

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, maana wanaovaa ni wachache na wanaotazama ni wengi. Katekisimu, namba 2477, inafundisha kwamba anayeamini kosa la mwenzake bila msingi wa kutosha anatenda dhambi ya hukumu ya haraka. Kisigino cha kiatu si msingi wa kutosha. Hakituelezi mtu analala na nani, anaamini nini, wala anaomba nini usiku.

Na hata kama uvumi unaomhusu ungekuwa kweli? Katekisimu, namba 2358, inaagiza kwamba watu wenye mwelekeo wa kimapenzi kwa jinsia yao wapokewe kwa heshima, huruma na uangalifu, na kila dalili ya ubaguzi usio wa haki iepukwe. Kanisa halijabadili mafundisho yake juu ya tendo la ndoa, lakini halijampa mtu yeyote ruhusa ya kumzomea jirani, kumpiga au kumfukuza.

Kwa hiyo tunashauri haya. Usimpige picha na kuisambaza kwenye makundi ya simu. Usimzomee, na watoto wakianza kumzomea wakanye, kwa sababu kelele ndogo za barabarani zimewahi kuishia kwenye maiti. Mlangoni mwa kanisa mwonyeshe nafasi ya kukaa kama unavyomwonyesha mwingine. Mtume Yakobo (2:1-4) aliwakaripia Wakristo waliopanga viti kwa kutazama nguo. Ukiona kweli una neno la kumwambia, Injili imetupa utaratibu (Mt 18:15): nenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Na ukikuta kundi limemzunguka, usipite upande wa pili wa barabara. Ita wazee, ita polisi, simama karibu naye.

Kwa waseminari

Ninyi mafrateri mna sheria yenu. Kanuni ya 284 ya Sheria ya Kanisa inawataka makleri wavae vazi la kikanisa linalostahili, kadiri ya taratibu za Baraza la Maaskofu na desturi halali za mahali. Mnajizoeza hilo tangu sasa, hivyo uhuru alionao mlei katika kuvaa ninyi mmeuweka kando kwa hiari. Papa Fransisko alipochaguliwa mwaka 2013 aliendelea kuvaa viatu vyake vyeusi vya kawaida badala ya vyekundu vya mapapa waliomtangulia, na ulimwengu ulielewa anachosema.

Lakini kesho mtatumwa vigangoni, na huko mtaulizwa swali hili mbele ya watu, pengine mhusika mwenyewe akiwa amekaa benchi la nyuma. Msijibu ili kuwafurahisha wanaocheka. Mtangulizeni Bwana, ambaye alimwambia Samweli kwamba mwanadamu hutazama sura ya nje bali Yeye hutazama moyo (1 Sam 16:7). Jibuni mkijua kwamba huyo wa benchi la nyuma, kutokana na neno lenu, ataamua kama Dominika ijayo atarudi au hatarudi.