Sanaa ya kisasa makumbusho: mtu wa Mbinga inamhusu nini?

Ukisikia makumbusho ya Dar es Salaam yamefungua maonyesho ya sanaa ya kisasa, usidhani ni mambo ya watu wa mjini tu.

Edward Said Tingatinga, aliyeanzisha uchoraji unaobeba jina lake, alitoka Tunduru, mkoa huuhuu wa Ruvuma. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama jijini Dar, kwenye mbao nyembamba za dari, kwa rangi za baiskeli. Alifariki 1972. Wanunuzi wake wengi walikuwa wageni, na picha zikaondoka nao.

Hapo ndipo makumbusho yana kazi. Maonyesho ya kudumu hukaa miaka, kama yale ya Vita vya Majimaji (1905–1907) kule Songea. Ya muda hukaa wiki au miezi, kisha picha zinashushwa: zinauzwa au zinarudi kwa wenyewe. Kinachobaki ni kile tu makumbusho yamenunua au yamepewa.

Kwa hiyo, kijana unayechora Mbinga au Mbamba Bay, kabla hujauza kazi yako ipige picha, andika jina na mwaka. Na ukienda kutazama maonyesho, uliza: hizi zikishushwa, zinakwenda wapi?