Jicho la Kichanga, Kupe na Baba Mtoto

Mtoto mchanga akivimba macho, ni kupe wa zizini.

Si kweli. Nyumba iliyopakana na zizi humbebesha kupe lawama nyingi, na hii si yake. Usaha mzito unaoanza kati ya siku ya pili na ya tano mara nyingi ni kisonono. Ukianza baada ya hapo, hadi wiki ya pili, shuku klamidia. Bakteria wote wawili mtoto huwapata njiani wakati wa kuzaliwa, kwa mama ambaye pengine hajisikii maumivu yoyote. Kope huvimba zikagandana, na muuguzi anapozifungua husogeza uso pembeni, maana usaha uliobanwa huweza kuruka ukamwingia machoni. Kisonono hakina subira: siku moja au mbili zinatosha kutoboa kioo cha jicho.

Basi bakteria wa kupe hawana habari na kichanga.

Si kweli pia. Papasi, kupe laini anayeishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, akanyonya damu kwa muda mfupi na kurudi mafichoni kabla aliyelala hajashtuka. Anachokiacha mwilini ni Borrelia duttonii, bakteria aliyepewa jina la Joseph Dutton, daktari Mwingereza aliyefia Kongo mwaka 1905 kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza. Wakati huohuo Robert Koch, akiwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, aliwakuta bakteria hao ndani ya mayai ya papasi. Kumbe kinda huanguliwa na ugonjwa wake tayari.

Mjamzito akipata homa ya papasi, bakteria huweza kuvuka kondo la nyuma. Mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa njiti, au akaja duniani na homa. Mama mwenye homa inayopoa kisha ikarudi baada ya siku kadhaa apimwe damu kwa hadubini, kwa sababu ugonjwa huu hufananishwa sana na malaria na dawa ya malaria haiutibu. Ila mtoto huyo huugua mwili mzima. Matongo yake yatafutiwe sababu nyingine.

Maziwa ya mama yakidondoshewa jichoni, usaha unakauka.

Si kweli. Maziwa anyonye. Wanja nao uwekwe kando, maana aina nyingine zina madini ya risasi.

Mafuta ya macho wanayopaka leba ni desturi tu.

Si kweli, na ushahidi wake ni wa zamani. Pale Leipzig, mnamo 1880, Carl Credé alianza kudondoshea nitrati ya fedha macho ya kila mtoto aliyezaliwa katika wodi yake. Kabla ya hapo mtoto mmoja kati ya kumi hivi alikuwa akiugua. Baadaye hawakufika hata mmoja kwa mia. Sisi tumezoea tetrasaiklini ya asilimia 1. Kenya nayo ilikuwa uwanja wa jaribio lililochapishwa mwaka 1995, lililohusisha watoto zaidi ya 3,000, na matone ya povidoni-ayodini ya asilimia 2.5 yakafanya kazi vizuri, tena kwa bei nafuu.

Lakini kinga haigeuki tiba. Aliyekwisha kuugua kisonono anahitaji sindano. Wa klamidia anahitaji dawa ya kunywa, kwa kuwa bakteria huyo huweza kushuka hadi mapafuni, na kikohozi kikaja wiki kadhaa baada ya jicho kupona.

Kila jicho linalochuruzika lina maambukizi.

Hapana. Wengine mrija wa machozi haujafunguka: jicho jeupe, halijavimba, chozi tu. Kwa wengi hufunguka wenyewe kabla ya mwaka. Hata hivyo, mpeleke kliniki. Kutofautisha hayo mawili si kazi ya jirani.

Mtoto akipona, mambo yameisha.

Si kweli, na nadhani ndiyo sababu kupe anapendwa kulaumiwa: kumtaja mdudu ni rahisi kuliko kumwambia mume kwamba naye anatakiwa kliniki. Jicho lenye kisonono au klamidia ni majibu ya vipimo vya wazazi wawili. Mama hutibiwa, na mwenzi wake huitwa. Akija, hupewa dozi hata kama hana dalili. Asipokuja, mama humaliza dawa zake zote na maambukizi mapya yanamsubiri kitandani.