Mlenda na Jamaa Zake

Wako akina mama waonao haya kumwandalia mgeni mlenda, ati ni mboga ya shida. Haya ya bure! Wataalamu wa mimea huuweka mlenda katika ukoo mmoja na bamia, choya, pamba, hata mbuyu. Majani yake yana madini ya chuma, ambayo mwili huyahitaji kutengeneza damu, na utelezi wake humsaidia mwenye kuumwa koo kumeza ugali.

Wagogo wa Dodoma wanajua sana kuutunza. Wakati wa mvua huchuma majani, huyakausha, huyatwanga na kuyaweka akiba. Kiangazi huyapika kwa karanga. Basi, mboga ya Ijumaa za Kwaresima ikitafutwa, hii hapa. Ila kausheni kivulini, kwa maana jua kali hupunguza vitamini A.

Tena kuna magadi. Hulainisha mboga upesi, lakini huharibu vitamini C, na kwa mwenye shinikizo la damu hayana tofauti kubwa na chumvi. Asizidishiwe.

Mgonjwa huyo ndiye apendaye choya. Vile vikombe vyekundu vya ua vikichemshwa hutoa kinywaji kichachu kama ukwaju, nacho hushusha shinikizo la damu kidogo. Kidogo tu! Mwenye kutupa vidonge vya zahanati kwa kutegemea choya anajitafutia kiharusi. Baba, kunywa choya yako bila sukari nyingi, na vidonge umeze kama alivyoagiza daktari. Mama mjamzito amwulize mkunga kwanza.